Folda ya Zenye Shaka

14 Januari 2018

Wifi yangu,

Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea mpaka dukani na kurudi na habari za mtaa mzima. Shemeji yako amebadilishiwa zamu, sasa anarudi saa kumi jioni na kusimama katikati ya njia yangu jikoni. Mwanao, pacha wa kwanza, alipita Jumapili. Amekonda, lakini anasema ni mtindo.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Simu yako haishiki mtandao mpaka upande kwenye tuta, na jambo lenyewe linataka karatasi.

Idara yetu imepata seva mpya. Seva ni kompyuta isiyozimwa, imo kwenye chumba kidogo ubavuni mwa ofisi yangu, na tunachokiweka humo mtu anaweza kukisoma popote alipo. Mkuu wa idara ameagiza kwamba vipimo vya mvua vya wapimaji wote wa kujitolea vipakiwe humo. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Ambavyo havijaingia mpaka siku hiyo, karatasi zake zitakwenda ghalani, na ghala letu ni lile ambalo panya wake wana digrii.

Sharti ni moja: mfululizo usipungue miaka ishirini. Marehemu kaka alipima ishirini na miwili, tangu 1996. Kwetu alikuwa akileta jumla za miezi tu. Vipimo vya kila siku vimo kwenye madaftari yake, daftari moja kwa kila mwaka. Naomba unitumie yote kwa basi.

Mimi wifi yako.


2 Februari 2018

Bi Tarehe,

Barua yako ya tarehe 14 nimeipata tarehe 29. Nakutajia kwa kuwa najua utataka kuijaza mahali.

Niko salama. Upepo uling'oa bati mbili za jiko, fundi seremala akaja kuzirudisha, akala, akasifu chakula, akasahau nyundo. Kuku wamefika kumi na wanane. Pacha wa pili anasema atakuja akipata likizo. Amesema hivyo tangu msiba.

Kopo la mvua bado liko nyuma ya nyumba, ndani ya kiuzio chake. Unakumbuka nilikuwa nikiliita mke mwenzangu. Kila saa tatu asubuhi, hata tukiwa na wageni, kaka yako Mwalimu aliniacha na maneno mdomoni akaenda kwake.

Nakutumia madaftari kumi na sita. Mengine yako chini ya sanduku, nitayatafuta.

Msalimie Mama kama atazipokea salamu zangu.

Wifi yako.


26 Februari 2018

Wifi yangu,

Mama amezipokea. Goti lake sasa linatabiri hali ya hewa, na shemeji yako anasema tumweke kwenye seva.

Madaftari kumi na sita, 1996 hadi 2011, yamefika bila kukunjika. Nakueleza kazi inavyokwenda usije ukadhani nimeyakalia. Kwanza naskani kila ukurasa. Kisha nazichapa namba zenyewe kwenye jedwali, mwezi mmoja faili moja, na faili naiita kwa mwaka na mwezi bila kuacha nafasi, maana seva ikiona nafasi kwenye jina inakataa. Halafu napakia. Mtandao wetu una tabia ya kufika asilimia tisini na nane na kulala. Anayeitunza seva ni kijana tunayemwita Bwana Subiri, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Nasubiri, naanza upya, inaingia.

Mpaka leo faili 192 zimeingia. Yamebaki madaftari sita, 2012 hadi 2017. Bila hayo mfululizo una miaka kumi na sita tu, na hata hii niliyokwisha kuipakia itaondolewa.

Tafadhali inua hilo sanduku.

Wifi yako.


21 Machi 2018

Bi Tarehe,

Hapa shwari. Nimechimba mtaro mpya ubavuni mwa nyumba, mgongo umenikumbusha umri wangu. Fundi seremala amerudi kuchukua nyundo, akaisahau tena. Watu wameanza kuniuliza nyundo ile ina mguu gani.

Sanduku nimeliinua. Nakutumia madaftari matano, 2012 hadi 2016. La mwisho bado nalihitaji.

Wifi yako.


9 Aprili 2018

Wifi yangu,

Huku tuko vizuri. Pacha wa kwanza amepata chumba kipya, karibu na kazini. Nimemnunulia mapazia, akasema hayaendani na ukuta, akayachukua.

Madaftari matano yamefika. Sasa nina swali, na nakuomba unijibu.

Unajua kwamba kila jioni naandika shajara. Wengine hucheka, lakini ndiyo iliyonionyesha jambo hili. Shajara yangu inasema: “Jumanne 3 Juni 2014. Kaka amelazwa, wodi ya macho, kitanda cha nne kutoka dirishani.” Kisha: “Ijumaa 13 Juni. Kaka ameruhusiwa, anasema anaona vizuri.” Siku kumi na moja alikuwa hapa mjini. Nilimpelekea chai asubuhi na jioni, siku zote hizo.

Nimefungua daftari la 2014. Siku zile kumi na moja zote zimejazwa, mpaka nukta ya milimita, na kwenye kila siku kuna saini yake, ile yenye umbo la ndoana. Chini ya ukurasa pamechapwa: “Nimepima mwenyewe.” Mtu hawezi kuwa kwenye kitanda cha nne hapa na kwenye kopo huko.

Nilimjua kaka. Hakupenda daftari liwe na pengo. Ikiwa alijaza kwa kukisia aliporudi, niambie tu, na uniambie ni mara ngapi alifanya hivyo. Nakuuliza wewe kwa sababu ndiye uliyebaki nyumbani siku zile.

Wifi yako.


30 Aprili 2018

Bi Tarehe,

Nashukuru kwa mapazia. Ukuta wake si wa kuchagua.

Kuku wamepungua, wamebaki kumi na watatu. Kuna mnyama anakuja na hatujaonana naye. Mtaro umefanya kazi, maji hayajaingia ndani hata mara moja. Fundi seremala nimempelekea nyundo yake mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Kuhusu madaftari, kilichoandikwa humo kilinyesha.

Wifi yako.


18 Mei 2018

Wifi yangu,

Barua yako imefika. Mama anaendelea vizuri, amepewa fimbo, anaitumia zaidi kuonyeshea watu kuliko kutembelea.

Jibu lako nimelisoma mara tatu na sikupata nilichouliza. Mkuu wa idara amekwisha kuniuliza mara mbili nimefika wapi. Siwezi kusaini kwamba vipimo ni vya kweli huku shajara yangu mwenyewe inakataa. Kwa hiyo miaka 2012 hadi 2016 nimeiweka peke yake, mahali pake, mpaka jibu lipatikane.

Daftari la 2017 bado naliomba. Zimebaki wiki sita.

Wifi yako.


4 Juni 2018

Wifi,

Leo salamu zitakuja mwisho.

Pacha wa pili amefika Jumamosi. Jana aliniambia vipimo vya baba yake viko kwenye mtandao, tukapanda wote kwenye tuta akanionyesha kwenye simu yake. Niliona miaka kumi na sita imepangwa vizuri, hapo hukukosea hata moja. Chini yake kulikuwa na folda nyingine, na jina uliloipa ni Zenye Shaka. Mwanangu akaniuliza, “Mama, Baba alikuwa anadanganya?” Namjibu kwako, na barua hii ataisoma kabla ya kuipeleka stendi.

Macho ya Mwalimu yalianza kumwacha mwaka 2011. Asubuhi moja aliniita kwenye kopo akaniomba nimsomee glasi, akasema jua linamwakia usoni. Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Nilimsomea. Kuanzia Januari 2012 nilipima mimi, nikaandika mimi, nikaweka saini yake mimi. Yeye alisimama ubavuni akiuliza: umeinama? Jicho lako liko usawa mmoja na maji? Miaka sita sikuwahi kuisoma glasi ile nimesimama wima.

Kwa nini tulificha. Alisema idara inataka mtu aliyefunzwa. Zile siku mbili alizofunzwa kwenu alikuwa akizitaja mpaka mwisho, pamoja na jina la aliyekaa kiti cha jirani. Akasema wakijua anayeandika ni mkewe wa darasa la saba watatupa yote, ya kwangu na ya kwake. Akaniapisha nisimwambie mtu. Wewe ulitajwa wa kwanza, kwa kuwa alijua ukishajua utaandika mahali, na ukishaandika utasema.

Mwaka 2014 alipoitwa hospitali nilikuwa nimeshafunga mkoba. Akaniambia, “Macho yangu yana madaktari. Kopo lina wewe tu.” Nikafungua mkoba. Siku kumi na moja nilipima, na katika hizo siku tisa zilikuwa kavu kabisa, nikaandika sifuri tisa huku mume wangu amelala kwenye kitanda cha nne kutoka dirishani. Najua yaliyosemwa. Mama alinisema mbele ya ukoo, kwamba mume kalazwa na mke anafuga kuku. Ulikuwapo, wifi. Ulikuwa unakata vitunguu, na hukuinua uso.

Aliporudi alisema anaona vizuri. Alisema hivyo kwa kila mtu, akajifunza kutembea hapa ndani kwa kuhesabu hatua. Mliokuja kumtazama mliketi naye saa mbili, mkanywa chai, mkaondoka mkisema Mwalimu amepona.

Daftari la mwisho hili hapa. Utaona haliishii tarehe 9 Novemba alipofariki. Limekwenda mpaka tarehe 31 Desemba, na la mwaka huu ninalo kwenye meza ya jikoni. Hakuna aliyenituma.

Sasa liweke unapoliweka.

Msalimie Mama, shemeji, na mwanangu mwenye mapazia.

Wifi yako.


20 Juni 2018

Wifi yangu,

Nyumbani wazima. Barua yako ilifika tarehe 7, kifurushi kilikuwa kimelowa pembeni lakini daftari halikuguswa.

Folda niliiondoa siku hiyohiyo, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kabla sijavua koti. Nilidhani folda isiyotajwa kwenye ukurasa haionekani na mtu. Kwenye seva ya zamani ilikuwa hivyo. Seva mpya inaorodhesha kila kilichomo, na jina unaloandika ndilo watu wanalosoma. Bwana Subiri alikuwa amenionya nisubiri anielekeze. Mara hiyo moja sikusubiri. Ilikaa wazi siku ishirini na moja.

Hilo ni kosa la kazi. La pili si la kazi. Niliuliza ni nani aliyepima, nikawaza kaka, nikawaza majirani, nikamwaza hata fundi seremala. Sikukuwaza wewe. Nimerudi kwenye shajara ya 2014. Kuna maneno sikukunukulia kwenye barua ya Aprili. Kila siku ya zile kumi na moja, mstari wa mwisho, nimeandika: “Wifi hajaja.” Mara kumi na moja, kwa mwandiko mzuri. Na vitunguu nilikata, ni kweli.

Mama aliniomba nimsomee barua yako. Nilipomaliza akaniomba nirudie. Nikarudia. Akachukua fimbo akaenda dukani, na kwa mara ya kwanza akarudi bila habari yoyote.

Sasa ya idara. Nilimweleza mkuu wa idara kila kitu. Akasema kanuni ni kanuni, mpimaji awe amefunzwa. Bwana Subiri alikuwepo, akasema subiri. Akaleta vipimo vya kituo cha bwawani, kilomita saba kutoka kwako, akachora mstari wao na wako kwenye karatasi moja. Ile miaka sita mistari inakwenda pamoja kama ng'ombe na ndama wake. Kabla ya hapo, wa kaka unarukaruka. Tukaangalia kwa nini. Mvua ya kaka ilipenda kuishia kwenye tano au sifuri kuliko mvua yoyote inavyoweza. Mkuu wa idara akavua miwani akasema, “Mwalimu alikuwa anakadiria. Huyu mama anapima.” Akaandika kwa mkono wake kwamba aliyefunzwa na mpimaji aliyefunzwa naye amefunzwa.

Kwa hiyo miaka yote ishirini na miwili itaingia, ya kaka na maelezo yake. Lakini kwenye miaka sita ya mwisho fomu inataka jina la mpimaji, na sahihi yake kwamba anakubali litajwe. Fomu nimeiambatanisha. Ukitaka, nitaacha jina la kaka, mkuu wa idara amesema yeye hatauliza, na hakuna atakayejua. Uliapa, sikuhimizi. Nahitaji jibu kabla ya tarehe 30.

Wifi yako.


26 Juni 2018

Wifi,

Tunaendelea. Mnyama wa kuku amejulikana, ni mbwa wa mwalimu mkuu, kwa hiyo kesi imekwisha. Pacha wa pili ameondoka jana akiwa na barua zako zote. Ameniomba azisome kwenye gari.

Fomu nimekaa nayo siku tatu. Niliapa nisimwambie mtu, na nimekwisha kukwambia wewe, sasa kilichobaki cha kulinda ni kipi? Nimesaini. Jina nimeandika langu, lile la shuleni, yote matatu.

Hayo ya tano na sifuri niliyajua. Hata nilipokuwa namsomea alinitaka nikadirie. Nikawa namtajia anayopenda kusikia na kuandika ninayoyaona. Hilo ndilo pekee nililomficha kwa miaka sita.

Lakini fomu inasema vipimo vyote ni vya kweli, na mkono wangu uko chini yake, kwa hiyo sharti nikwambie. Kuna kimoja cha uongo. Jumamosi tarehe 11 Novemba mwaka jana, siku tuliyomzika. Saa tatu nilikwenda kwenye kopo kama kawaida, nyumba imejaa watu. Lilikuwa na maji mengi, usiku kucha ilikuwa imenyesha, nyinyi wenyewe mlifika mmelowa. Nililishika kopo nikayamwaga maji yale chini bila kuyapima. Jioni nikaandika sifuri. Hakuna aliyeniuliza.

Iondoe hiyo sifuri.

Wifi yako.


2 Julai 2018

Wifi yangu,

Sisi wazima. Mama anauliza kama una nafasi ya kumpokea mwezi wa nane. Anasema anataka kukaa siku kumi na moja. Nilimwambia akuandikie mwenyewe, akasema mkono umeshika fimbo, niandike mimi. Nimeandika.

Fomu ilifika tarehe 28. Faili zote 264 zilikuwa ndani tarehe 29, saa tisa na robo alasiri, na asilimia haikulala hata mara moja. Nimeifungua orodha kwenye kompyuta ya Bwana Subiri na kwenye simu ya shemeji yako kuhakikisha. Kuanzia Januari 2012, juu ya kila ukurasa kuna jina lako, yote matatu. Madaftari nakurudishia na basi la kesho, pamoja na mawili mapya ya idara.

Sasa ile sifuri. Leo asubuhi nimefungua faili ya Novemba 2017 nikaifuta. Seva haikukubali. Inataka namba. Nikatazama shajara yangu kama inaweza kusaidia, ikasema: “Jumamosi 11 Novemba. Mvua tangu jana jioni hadi saa mbili asubuhi. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.” Matope hayana milimita, na kukisia sikutaka.

Kuna kisanduku kidogo pembeni, unakiwekea alama kwamba siku hiyo hapakuwa na kipimo. Ukishakiweka kinafunguka kingine cha kuandika sababu, na sababu hiyo itasomwa na kila atakayefungua ukurasa. Nilipitia wenzetu wa vituo vingine wameandika nini. Chombo kimevunjika. Mpimaji safarini. Njia imefungwa na maji.

Mimi nimeandika: Mpimaji amefiwa na mumewe.

Seva imepokea.

Wifi yako.